Shajara ya lambo letu, kuanzia Januari mpaka lilipokauka

Mwisho wa Januari

Nimeamua kuandika kila tunachofanya kuhusu hili lambo maana tukiongea tu kwenye vikao yanaishia hukohuko. Kwa asiyelijua, ni lambo la kuchimbwa, lina tuta la udongo upande wa kusini, lipo kijijini kwetu wilaya ya Chamwino hapa Dodoma, likijaa ni kama viwanja viwili vya mpira. Huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na miaka mingi hazifiki hata milimita 600 kwa mwaka mzima, kwaiyo lambo likijaa ni sherehe, ng'ombe wananywa humo, kina mama wanafua humo, wafyatua tofali wanachota humo, na madogo wakitoka shule ni humohumo mpaka jua linazama.

Mwaka jana lilichukua mtoto. Darasa la nne. Nilikuwepo siku wanamtoa na sitaandika zaidi ya hapo, mama yake ni jirani yangu nyumba ya tatu. Baada ya msiba ikapigwa marufuku ya kuogelea, faini ikatangazwa, bango likapigiliwa kwenye mbuyu. Wiki tatu hazikuisha watoto wakarudi majini, na sa hivi wanaingilia upande wa nyuma wa matete ili mtu mzima akipita kwenye tuta asiwaone, yaani marufuku imewatoa kwenye macho yetu tu, majini haijawatoa.

Tupo watu watano. Mimi ni wa maabara pale zahanati, wa pili mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, ni mwanamke, wa tatu fundi ujenzi, wa nne mzee mmoja mfugaji ambaye wenzake wanamsikiliza, wa tano kijana wa bodaboda aliyekulia Mtera kwa wavuvi, ndo pekee kati yetu anayejua kuogelea kisawasawa. Lengo tuliloandika kwenye daftari ni kutafuta sehemu ya lambo ambayo mtoto anaweza kuoga bila kuzama na bila kuumwa, tuitengeneze, tuwaambie watoto hapa ndo penu.

Jumamosi ya kwanza ya Februari

Leo tumepima kina. Tumefunga mipira miwili ya ndani ya tairi la lori, juu tukaweka mbao, kamba ya nailoni ina fundo kila nusu mita na jiwe chini. Yule kijana wa Mtera anasukuma, mimi nashusha jiwe na kusoma, mwalimu yupo ukingoni anaandika. Tumeanza upande wa kaskazini ambako ng'ombe wanashukia, pale ni taratibu kabisa, hatua kumi unapata goti, hatua nyingine kumi kiuno, hakuna shida.

Tukaja upande wa tuta. Sentimita 60, 70, 80, nikasema hapa mbona pazuri, tukasogea hatua moja na nusu hivi nikashusha tena. Jiwe likaendelea kushuka, fundo la kwanza, la pili, la tatu, la nne, kamba inanipita tu mkononi, nilihisi mwili umekufa ganzi. Mita 3 na sentimita 40. Mtoto amesimama maji yapo kifuani, anarudi nyuma hatua moja kumkwepa mwenzake anayemrushia maji, basi chini hakuna kitu.

Tulipotoka yule mzee akatueleza. Mwaka ule wa kukarabati tuta mkandarasi alileta eskaveta kipindi lambo limekauka, badala ya kufuata udongo mbali akachota humohumo ndani karibu na tuta, akamaliza kazi akaondoka na shimo akaliacha wima kama kisima. Mvua zikaja zikalifunika na hakuna aliyeambiwa. Na pale ndipo alipozamia yule mtoto. Mwaka mzima watu wanasema alivutwa, kuna waliosema ni nyoka wa kwenye maji, kuna waliomnyooshea kidole bibi wa watu, kumbe ni eskaveta.

Jioni tumeenda kwa mama wa mtoto, mimi na mwalimu, tukamweleza. Alikaa kimya muda mrefu sana halafu akauliza, "Kwaiyo hakuwa mtundu?" Tukamwambia hapana mama, hakuwa mtundu.

Jumatano, katikati ya Februari

Vipande vinne vya bomba la chuma vimechomekwa kuzunguka shimo kwa kutumia ule mpira, juu vina vitambaa vyekundu. Ni ya muda tu.

Tumepima pia uwezo wa kuona ndani ya maji. Kuna kifaa kinaitwa disiki ya Secchi, kilibuniwa na padri wa Kiitaliano, Angelo Secchi, mwaka 1865, ni sahani ya sentimita 20 imegawanywa robo nne, nyeusi na nyeupe, unaishusha kwa kamba mpaka usiione tena unasoma kamba. Yetu fundi kaitengeneza kwa mfuniko wa sufuria. Upande wa ng'ombe inapotea kwenye sentimita 11. Kumi na moja! Maana yake mtoto akizama kidogo tu humwoni, unaweza kuwa umesimama pembeni yake na humwoni, ndo maana mwaka jana walimtafuta kwa miguu, watu wameshikana mikono wanapapasa chini. Upande wa matete ni sentimita 58, maji yana mwanga, yungiyungi zinaelea juu, panavutia kweli. Na ndipo watoto wanapojificha kuogelea. Kwa macho ukiniuliza sehemu nzuri ya kuogea ningekuonyesha hapo, na wote tulifikiri hivyo.

Wiki ya mwisho ya Februari

Bakteria. Nilipata zile karatasi za kupimia ambazo unadondoshea mililita 1 ya maji, unafunika, unaziacha kwenye joto kama la mwili masaa 24, halafu unahesabu vidoti, vya bluu vyenye kipovu cha gesi pembeni ndo E. coli, yaani kinyesi cha mtu au mnyama kimeingia. Inkubeta hatuna. Nimezifunga kwenye kitambaa nikazivaa tumboni usiku na mchana, kazini nazo, kitandani nazo, joto la mwili ni lilelile.

Upande wa ng'ombe vidoti vya bluu 31 kwenye mililita moja, yaani 3,100 kwa mililita 100. Upande wa matete 4, yaani 400. Wamarekani kwenye maji yao ya kuogelea wanataka wastani usizidi 126 kwa mililita 100. Mililita moja ni kidogo kuhukumu lambo zima nakubali, ndo maana nimerudia mara tatu siku tofauti, namba zinapanda zinashuka lakini mpangilio ni uleule, kwa ng'ombe pachafu sana, kwa matete pana nafuu. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi yake kote kunakuwa kubaya kwasababu mafuriko yanakokota kinyesi chote cha vichakani na kukileta lambo.

Yule mzee kauliza swali zuri, kwamba sisi tumekunywa haya maji toka utotoni mbona tupo. Nikamjibu mzee wangu, ukihesabu waliopo unawasahau ambao hawapo, mdogo wako wa mwisho alifariki na nini? Akasema kuhara. Hatukuongea zaidi. Kesho yake ndo yeye aliyewaita wafugaji wenzake waongelee mbauti ya kunyweshea nje ya tuta.

Na kuna homa ya mgunda pia, ile iliyowahi kutangazwa Lindi 2022, inakuja na mkojo wa wanyama na panya ukiingia kwenye maji halafu mtu ana kidonda au mchubuko. Hiyo sina namna ya kuipima hapa. Inatosha kujua kwamba ng'ombe na mtoto hawatakiwi kushirikiana maji.

Machi, wiki ya kwanza

Leo nataka niandike taratibu kwasababu ndo siku iliyogeuza kila kitu.

Kwa kazi yangu naona mikojo ya watoto. Nimekuwa nikiona damu, siyo kwa mmoja wala wawili, na watu wazima wengi hapa wamezoea kusema mvulana akikojoa damu ndo anakua huyo, ndo anakuwa mwanaume. Hapana jamani. Ni kichocho. Kwaiyo nikasema kabla hatujawapa watoto ule upande wa matete ngoja tuangalie konokono, maana ndo wanaobeba kichocho.

Tulienda saa tatu asubuhi, buti za mvua na glavu ndefu, hakuna kugusa maji kwa mkono mtupu. Chujio la chai limefungwa kwenye mti, unapitisha chini ya majani ya yungiyungi na kwenye mashina ya matete halafu unageuza kwenye sahani nyeupe. Upande wa ng'ombe tulitafuta nusu saa tukapata mmoja, maji yale yanakanyagwa na kuvurugwa kila siku, hana majani ya kushikilia wala chakula. Upande wa matete kila chujio lilitoka nao. Wadogo, kama punje ya hindi, wa kahawia wenye madoa.

Mwalimu aliwafundisha watoto wa darasa la sita namna ya kuwatambua na mimi nilijifunza hapohapo. Shika ganda ncha iangalie juu na mlango ukuangalie wewe. Mlango ukiwa kulia huyo ni wa kundi lingine, ndani yake wapo wanaobeba minyoo ya ini ya ng'ombe. Mlango ukiwa kushoto huyo ni Bulinus, mbebaji wa kichocho cha mkojo. Akiwa bapa kama kamba uliyoikunja chini ni Biomphalaria, wa kichocho cha tumbo. Sisi tulihesabu milango ya kushoto mpaka tukachoka.

Tukawaweka ishirini, kila mmoja kwenye kichupa chake cha kioo chenye maji ya mvua yaliyotulia, dirishani penye mwanga. Konokono mwenye vimelea anavitoa mwanga ukikolea, hasa kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa nane tisa mchana, na ndo muda watoto wanaopenda maji kwasababu jua linachoma. Saa tano na nusu nikainua kichupa cha saba mbele ya kitambaa cheusi. Mwanzo nilidhani ni vumbi. Lakini vumbi linashuka, hivi vilikuwa vinapanda, vinajirusha juu, vinatulia, vinashuka kidogo, vinajirusha tena. Nikachukua tone nikaliweka kwenye hadubini, mkia umegawanyika mara mbili mwishoni kama panda ya manati. Sekaria, yaani kimelea kichanga cha kichocho. Kile kidude kinaingia kwenye ngozi nzima ya mtoto, haina haja ya kidonda, dakika chache tu kishapita, na chenyewe kina kama siku moja au mbili tu za kuishi, kisipompata mtu kinakufa.

Vichupa viwili kati ya ishirini vilikuwa navyo. Mtu anaweza kusema viwili ni vichache, lakini konokono mmoja anatoa mamia mpaka maelfu kwa siku, na pale kwenye matete wapo wangapi?

Mwalimu aliita watoto wake waangalie kwenye hadubini, mmoja mmoja kwenye foleni. Kuna mvulana aliangalia, akanyamaza, akarudi mwisho wa foleni akaangalia tena, halafu akaja akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada wa maabara, hivi hivi ndo vinavyotoa damu?" Nikamwambia njoo zahanati na mama, dawa ipo, siyo aibu. Kesho yake wakaja watoto kumi na mmoja, wengine bila hata mzazi.

Machi, wiki ya pili

Kikao kirefu, tumegombana kidogo. Nimesema wazi kwamba lile lengo tuliloliandika Januari haliwezekani. Palipo na kina kizuri ni pa ng'ombe na ni kinyesi kitupu. Maji yenye mwanga yana sekaria. Kwenye tuta hakuna majani lakini kuna shimo. Hakuna kipande cha hili lambo ambacho mimi naweza kusimama mbele ya mzazi nikasema mlete mwanao.

Fundi akasema basi tukate matete yote na yungiyungi. Tukikata tutapunguza konokono, ni kweli, ila majani yataota tena na anayekata ndo anayeingia majini. Kuna aliyesema tumwage dawa ya kuua konokono, lakini dawa zile zinaua na samaki na hili ni maji ya watu, siyo kitu cha kufanya wenyewe bila wataalamu wa serikali. Mzee akasema turudishe marufuku na viboko. Hapo mwalimu alisimama, kiukweli sijawahi kumwona amekasirika vile, akasema watoto hawa wataingia tu, na anayejua kuelea akidondokea lile shimo ana nafasi, asiyejua hana. Na ni hivyo, shirika la afya duniani lenyewe linasema watoto kuanzia miaka sita wafundishwe kuogelea na kujiokoa, Bangladesh wanafundisha kwenye mabwawa ya vijijini wameweka jukwaa la mianzi ndani ya maji, na wao hawana mabwawa ya hoteli.

Ndo kijana wa Mtera, ambaye kwenye vikao huwa haongei, akauliza, "Lile tangi bovu la shule lina mita ngapi?"

Machi mpaka Aprili katikati

Tangi ni la zege, halina paa, lilijengwa kuvuna maji ya mvua likapasuka likaachwa. Mita 6 kwa mita 3. Tukijaza sentimita 80 tu ni lita 14,400, mapipa 72. Fundi ameziba nyufa, amepiga plasta na niru, ameweka ngazi mbili na uzio wa waya wenye mlango wa kufuli, kwasababu tangi lenye maji lisilo na ulinzi ni lambo lingine, mtoto wa miaka miwili anazama hata kwenye ndoo.

Kelele zilikuwepo na zilikuwa na haki. Bibi mmoja alitusimamisha njiani, tukamwamkia, akaitikia halafu akasema, "Wajukuu zangu, sisi Oktoba tunaamka saa tisa usiku kufuata ndoo moja, leo nyie mnajaza tangi watoto wachezee?" Hatukuwa na jibu siku ile. Tulikaa tukapanga: tunajaza msimu huu ambao spilwei, njia ya kutolea maji yaliyozidi, inamwaga, maji yanayopotea bure kwenye korongo, kila tukijaza tunayatumia wiki mbili kwa kuyatibu, halafu tunaacha klorini iishe juani siku tatu na maji yote yanaenda kwenye mipapai na milonge ya shule. Tulirudi kwa bibi tukamweleza. Akataka mche mmoja wa mlonge. Amepewa miwili.

Mkulima mmoja wa zabibu ametuazima pampu. Mdomo wa mpira tumeuweka upande wa tuta mbali na majani, tumeufunga chandarua konokono asipite. Sekaria wanapita, ni wadogo sana, ila hapo tunatumia udhaifu wao wenyewe, maji yakikaa masaa 48 bila konokono na bila mtu wote wanakuwa wamekufa. Sisi tunayaacha siku tatu.

Tope lilitusumbua kuliko vyote. Klorini kwenye maji ya tope inaliwa na uchafu kabla haijafanya kazi. Tukatumia shabu, hii ya dukani ambayo kina mama wanasafishia maji. Nimesaga gramu 10 kwenye lita 1, halafu ndoo nne za lita 20, ya kwanza mililita 40, ya pili 80, ya tatu 120, ya nne 160, koroga haraka dakika moja, koroga polepole dakika kumi, acha. Ndoo ya kwanza ilibaki chai ya maziwa. Ya tatu baada ya saa moja ilikuwa na mabonge kama maziwa yaliyoganda yanashuka yenyewe na juu maji meupe. Ya nne haikuizidi ya tatu, kwaiyo tukachukua ya tatu, ambayo kwa tangi zima ni gramu 860 na kidogo. Tulijaribu na mbegu za mlonge zilizotwangwa, zinafanya kazi vizuri tu, ila kwa lita elfu kumi na nne tungetwanga mbegu mpaka Pasaka ipite.

Klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 44 zinatoa miligramu 2 kwa lita. Tuliweka jioni, asubuhi kipimo kinaonyesha karibu sifuri, uchafu uliobaki umeila yote, tukaweka tena, sasa ikasimama kwenye 1 mpaka 2. Muhimu, unga unaingia kwenye maji, usimwagie maji juu ya unga, na unafungiwa kabatini mbali na watoto. Karatasi za bakteria nikazivaa tena tumboni. Doti la bluu hata moja hakuna. Niliziangalia mara mbili kwenye mwanga.

Mei

Tumeanza na wanane wa darasa la tatu na la nne, wote wamepimwa mkojo na waliokutwa na kichocho wamepewa prazikwanteli zahanati baada ya kula. Mipango ya shule ya kugawa hii dawa ipo, wanapima kwa fito ya urefu mtoto anasimama anahesabiwa vidonge, lakini ukimeza leo ukarudi kwenye matete kesho umeanza upya.

Kabla ya kuingia kila mtoto anaenda choo, anaoga kwa kopo. Hakuna kukojoa ndani, na wameelewa kwanini, yai la kichocho linatoka na mkojo, likikuta maji linapasuka linamtafuta konokono, kwaiyo anayekojoa lambo anamwandalia mwenzake ugonjwa. Walivyoona hadubini sina haja ya kuwaambia mara mbili.

Wasichana walitaka kubaki pembeni, wazazi wengine walisema siyo heshima. Mwalimu amewapangia siku yao, wanavaa suruali na tisheti, tunafundisha sisi wanawake tuliofundishwa kwanza na kijana wa Mtera. Jumanne nilikuwa na binti mmoja wa miaka tisa. Kuelea chali. Nimemshika kisogo kwa mkono mmoja na mgongo kwa mwingine, namwambia masikio yaingie majini, tumbo juu, angalia wingu. Alikuwa amekamata mkono wa tisheti yangu kwa ngumi. Sikumtoa. Nikawa nahesabu naye pumzi, tumefika kama ya ishirini nikahisi kidole kimoja kimeachia, halafu cha pili, halafu ngumi yote ikafunguka ikaelea pembeni kiganja juu. Nikashusha mkono wa mgongoni. Nikashusha wa kisogoni. Alibaki pale juu, macho wazi, na hakujua nimemwachia mpaka mwenzake alipopiga kelele.

Ni binamu wa yule mtoto wa mwaka jana.

Juni na Julai

Kwa kifupi. Mbauti imekwisha, maji yanavutwa kwa mpira kupita juu ya tuta, ng'ombe wengi sasa wanakunywa nje, siyo wote. Sehemu tatu za ukingo kuna nguzo, kila nguzo ina dumu la lita 20 tupu limefungwa mfuniko na kamba ya nailoni mita 15. Mtu majini anahitaji kitu cha kubeba kilo chache tu ili kichwa kibaki juu, dumu linabeba zaidi ya hapo mara kadhaa. Watoto tumewafundisha usiingie kumfuata, mwenye hofu atakukumbatia mzame wawili, rusha dumu, vuta, piga kelele. Tumefanya mazoezi ya kurusha shabaha, wa darasa la tano wanatushinda wote.

Dumu moja liliibiwa. Lilirudishwa usiku, hatujui na nani, limeoshwa.

Tarehe 25 Julai ni siku ya kuzuia kuzama duniani, Umoja wa Mataifa waliiweka 2021. Hatukufanya sherehe. Mama wa mtoto alikuja mwenyewe tangini akakaa kwenye benchi, akaangalia kipindi kizima, akaondoka. Wiki iliyofuata alimleta mdogo wa marehemu, ana miaka sita na nusu.

Oktoba

Lambo limekauka, katikati kumebaki tope jeusi lililopasukapasuka kama kigae. Watu wanafuata maji mbali na tangi letu lipo tupu toka Agosti kama tulivyoahidi.

Jumamosi tumefanya msaragambo kwenye lile shimo. Kwa mara ya kwanza wengi wameliona kwa macho, watu wamesimama ukingoni kimya, ukuta wake umesimama wima bado una alama za meno ya eskaveta. Trela mbili za trekta zimeleta mawe na udongo mpaka jioni, vijana wamekata kingo ziwe mteremko. Nusu hivi imejaa. Jumamosi ijayo tunamalizia, kabla ya mvua.

Jioni nilichimba kidogo kwa jembe upande wa matete, palipokuwa na yungiyungi. Chini kama vidole vitatu, tope limekauka linavunjika kama biskuti, na ndani yake maganda, kama punje za hindi, mlango kushoto. Nimechukua sita nikaenda nao nyumbani nikawaweka kwenye glasi ya maji ya mvua niliyokuwa nimetunza. Walikaa chini kama vijiwe. Nikapika, nikala, nikaosha vyombo. Niliporudi na taa mmoja alikuwa ameshatoa kichwa na pembe zake mbili nyembamba, anapanda taratibu kwenye kioo.